Kukarabati na Kutunza Koti Kuukuu la Ngozi ya Kondoo: Mwongozo Kamili

Koti la ngozi ya kondoo halifanani na koti jingine, kwa sababu kitambaa chake na bitana yake ni kitu kimoja. Sufu inayotia joto kwa ndani imeota kwenye ngozi ileile inayozuia upepo kwa nje, na hakuna fundi awezaye kuzitenganisha ili afiche kazi yake katikati. Ndiyo maana mafundi wengi wa nguo hulikataa, na wenye makoti hayo huishia kuyatupa yakiwa bado na miaka mingi ya kuvaliwa. Huniuma kila ninapoona koti la aina hii limetupwa kwa sababu ya mshono uliofumuka, maana kazi yenyewe ni ya mkono, ni ya polepole, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya nyumbani.

Kanuni moja inaongoza mwongozo huu wote. Sindano ikipita katika kitambaa, nyuzi husogea kuipisha kisha hurudi mahali pake. Ikipita katika ngozi hukata, na tundu lile halifungi tena. Kila unaposhona unaipunguzia ngozi nguvu kwa kiasi fulani, na kila unapofumua ili urudie unaipunguzia tena. Kwa hiyo, kabla ya kila uamuzi, jiulize: koti hili likivutwa kwa nguvu mwakani, ni kipi kitakachokatika kwanza? Jibu linapaswa kuwa uzi. Uzi ukikatika utashona upya kupitia matundu yaleyale, lakini ngozi ikikatika umepoteza sehemu ya koti isiyorudi.

Kulichunguza koti kabla ya kushika sindano

Litandaze koti juu ya meza pana, mchana, karibu na dirisha, kisha ulikague upande wa ngozi na upande wa sufu, mshono kwa mshono. Makwapa, pembe za mifuko, shingo, ncha za mikono na mahali vifungo viliposhonewa ndipo panapoumia kwanza. Unapokuta uwazi, tambua ni wa aina gani, kwa kuwa kila aina ina tiba yake.

Aina ya kwanza ni mshono uliofumuka: uzi umelika au umeoza, lakini ngozi ya pande zote mbili ni nzima na matundu ya zamani yanaonekana moja moja. Hii ndiyo hali ya kawaida zaidi katika makoti makuukuu, nayo ni nyepesi kutengeneza. Aina ya pili ni ngozi iliyochanika kando ya mshono, pale matundu yalipokuwa yamekaribiana mno hadi yakaungana, kama stempu zinavyoachana kwenye karatasi yake. Aina ya tatu ni ngozi iliyooza yenyewe. Ili kuitambua, shika sehemu iliyofichika, kama akiba ya mshono (ukingo wa ngozi unaobaki nyuma ya mshono) ndani ya mfuko, uivute polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ngozi nzima hunyumbuka kidogo na kurudi. Ngozi iliyooza hutoa sauti ya karatasi kavu na kupasuka bila kunyumbuka. Ikiwa koti zima limefikia hapo, sindano haitalisaidia, kwa sababu kila tundu jipya litakuwa mwanzo wa mpasuko mwingine. Ikiwa ni ukosi tu au bega moja, kipande hicho kinaweza kubadilishwa.

Baada ya hapo, jua ngozi yako ilichakatwa, yaani iligeuzwa kutoka ubichi, kwa kitu gani, maana jambo hilo ndilo linaloamua kama koti litavumilia maji. Tafuta ukingo uliokatwa ambao haukupakwa rangi. Ngozi iliyochakatwa kwa shabu huwa nyeupe kwa ndani. Iliyochakatwa kwa tanini ya magome ya miti huwa ya kahawia. Iliyochakatwa kwa chumvi za kromu huwa ya kijivu chenye usamawati. Kwa kuwa rangi ya kiwandani inaweza kuficha dalili hizi, ongeza kipimo cha tone: weka tone moja la maji kwenye akiba ya mshono na uliache likauke lenyewe. Mahali hapo pakibaki laini, ngozi yako inaweza kupanguswa kwa unyevu kidogo. Pakikauka pakawa pagumu na penye kung'aa kama ukucha, maji yameiondoa shabu na ngozi imeanza kurudia hali ya ubichi. Koti kama hilo lisafishwe kwa njia kavu tu, siku zote. Makoti yaliyotariziwa ya Afghanistan, yaitwayo pustin, ambayo vijana wa Ulaya na Marekani waliyapenda sana mwishoni mwa miaka ya 1960, yalijulikana kwa kunuka yakinyeshewa, kwa kuwa mengi yake hayakuwa yamechakatwa vya kutosha. Ukilirithi moja la namna hiyo, lichukulie kuwa haliwezi maji hata kabla ya kulipima.

Joto nalo lina mpaka wake. Ngozi iliyolowa hujikunja ghafla inapofikia kiwango fulani cha joto, na haikunjuki tena. Ngozi ya kromu huvumilia hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, ya tanini kati ya nyuzi 70 na 85 hivi, na ya shabu chini ya hapo, huku ngozi iliyozeeka ikishuka chini zaidi ya viwango hivyo vya upya wake. Ndiyo sababu koti lililolowa halisogezwi karibu na moto, halipigwi pasi, wala halikaushwi kwa mashine ya nywele, hata kama una haraka kiasi gani.

Dalili ya mwisho ya kuangalia ni vumbi jekundu linalobaki mkononi unapopapasa ngozi ya tanini. Maana yake ni kwamba asidi, ambayo mara nyingi hutokana na gesi za salfa hewani, imeuvunja uimara wa ngozi. Mafuta hayatairudisha. Hifadhi koti kama kumbukumbu, ulisafishe kwa brashi laini tu, na usilivae katika shughuli zitakazolivuta.

Kuwaondoa nondo

Kabla koti halijakaa karibu na nguo nyingine za sufu, hakikisha halina wageni. Nondo mkubwa anayeruka hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, ambaye anaweza kumeng'enya keratini iliyomo kwenye sufu. Viwavi wa mbawakawa wadogo wa mazulia hufanya uharibifu wa aina hiyohiyo. Dalili zake ni vipara vya ghafla kwenye sufu ambayo ngozi yake ni nzima, vifuko vyembamba vya hariri, na chembechembe kama mchanga chini ya ukosi na ndani ya mifuko.

Dawa salama kuliko zote ni baridi kali. Likunje koti bila kulibana, litie ndani ya mfuko wa plastiki, utoe hewa kadiri inavyowezekana, ufunge, kisha uliweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, usiufungue mfuko kwa saa 24, ili unyevu wa hewa ugande nje ya plastiki badala ya kuingia kwenye ngozi. Baada ya hapo chana sufu kwa chanuo la meno mapana na ufyonze mabaki yote. Simshauri mtu yeyote kutumia vidonge vya naftalini: mvuke wake ni sumu, ni hatari hasa kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na harufu yake hukaa ndani ya sufu kwa muda mrefu sana.

Kusafisha

Anza kwa kulikung'uta koti nje, kisha fyonza vumbi kwa mashine iliyopunguzwa nguvu, ukiwa umefunga kipande cha chandarua mdomoni mwa bomba ili sufu isivutwe. Chana sufu ukianzia kwenye ncha na kushuka kidogo kidogo kuelekea shinani, huku mkono mwingine ukiishikilia ngozi. Ukianza kuvuta kutoka shinani utang'oa sufu, na sufu iliyong'oka haioti tena, kwa kuwa ngozi haina uhai.

Ukosi na ncha za mikono hujaa mafuta ya mwili. Nyunyiza wanga wa mahindi au talki kwa wingi, usugue kwa vidole hadi ufike shinani mwa sufu, uache kwa saa 12 au zaidi, kisha ukung'ute na kufyonza. Rudia hadi unga utoke ukiwa na rangi yake ya kwanza. Watengenezaji wa mavazi ya manyoya hufanya jambo hilohilo kwa kuyazungusha mavazi ndani ya pipa lenye unga wa mbao ngumu. Usibakize wanga ndani ya koti, kwa sababu ni chakula cha wadudu.

Upande wa ngozi hutegemea umaliziaji wake. Swedi, yaani ngozi iliyosuguliwa hadi ikatoa malaika laini, husafishwa kwa brashi ya mpira na kwa kifutio cheupe cha penseli, ukisugua taratibu upande mmoja kisha mwingine. Ngozi iliyopakwa rangi ikawa na uso laini hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, endapo ilifaulu kipimo cha tone. Iwapo sufu ya koti lililofaulu kipimo hicho bado inanuka, tengeneza povu kwa sabuni laini ya sufu isiyo na alkali, uchukue povu tupu kwa sponji bila maji yake, upanguse ncha za sufu tu, kisha ufuatishe kitambaa kilichokamuliwa. Sabuni ya kawaida ya kufulia haifai, kwa sababu ina alkali na mara nyingi vimeng'enya vya kuyeyusha protini, na sufu na ngozi zote mbili ni protini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni mbaya zaidi: huyeyusha sufu kabisa.

Damu ipanguswe kwa maji baridi, kamwe yasiwe ya moto, maana joto huigandisha. Nta ya mshumaa igandishwe kwa barafu iliyofungwa kwenye plastiki, kisha ivunjwevunjwe kwa kucha.

Lililopata unyevu likaushwe kwenye henga pana, mahali penye hewa na kivuli, kwa siku kadhaa. Likikaribia kukauka, wakati bado lina ubaridi wa unyevu mkononi, linyooshe ngozi kwa kuivuta taratibu pande zote. Kazi hii ya dakika chache ndiyo inayotofautisha koti linalokauka likiwa laini na lile linalokauka kama ubao, kwa sababu nyuzinyuzi za ngozi zikiachwa zitulie zenyewe hushikamana.

Kurudisha ulaini

Watu wengi hukimbilia mafuta, ilhali ngozi ngumu mara nyingi huhitaji kwanza kufanyiwa kazi kwa mikono. Ipitishe sehemu ngumu juu ya ukingo wa mviringo, kama mgongo wa kiti cha mbao, ukiivuta huku na huku kwa wepesi. Baada ya dakika kumi utahisi imelegea.

Ikiwa bado ni kavu na ina uso laini, paka kiasi kidogo sana cha mafuta ya kwato za ng'ombe au lanolini (mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo) kwa kitambaa, uache hadi siku inayofuata, kisha upanguse yaliyobaki. Swedi ihurumie: mafuta huilaza malaika yake na kuitia weusi usioondoka, kwa hiyo itumie tu dawa ya kunyunyizia iliyotengenezwa mahsusi kwa swedi, nayo uijaribu kwanza mahali pa siri. Usitumie mafuta ya kupikia ya aina yoyote, kwa kuwa huvunda ndani ya ngozi na kuacha unato unaokamata uchafu. Kumbuka pia kutopaka mafuta mahali utakapobandika kiraka, kwa kuwa gundi haishiki juu yake.

Vifaa vya kushonea

Utahitaji sindano za ngozi, yaani zile ambazo ncha yake ina pembe tatu kali. Chagua nyembamba kadiri unavyoweza. Utahitaji kastabini, koleo dogo la kuvutia sindano, nta ya nyuki, wembe, na vibanio vya nguo vya kushikilia kingo. Usitumie pini: zinatoboa matundu ya bure, na kama ngozi ni ya tanini, chuma chenye kutu kitaacha doa jeusi, kwa kuwa chuma na tanini vikikutana hutoa weusi uleule uliokuwa ukitumika zamani kutengenezea wino.

Uchaguzi wa uzi ndio moyo wa kazi hii. Uzi mnene wa nailoni unaonekana kuwa salama, lakini katika ngozi iliyozeeka unafanya kazi kama msumeno: kila unapoinua mkono unakwaruza ukingo wa tundu, nao haukatiki wakati ngozi inakatika. Kwa ngozi iliyochoka napendelea uzi mwembamba wa kitani uliopitishwa kwenye nta, na kwa ngozi iliyo imara uzi mwembamba wa poliesta. Nta huulainisha uzi usikwaruze na huziba tundu kwa kiasi fulani.

Kurekebisha koti kwa uzi uliopatikana ni desturi ya kale mno. Mwili wa mtu wa kale anayeitwa Ötzi, uliogunduliwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ulikutwa na koti la vipande vya ngozi za mbuzi na kondoo lililoshonwa kwa kano za wanyama. Baadhi ya mishono yake ilikuwa imetengenezwa upya kwa nyuzi za majani, kwa mkono usio stadi kama wa kwanza, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Kushona mshono uliofumuka

Ondoa kwanza mabaki ya uzi wa zamani kwa ncha ya sindano butu, usivute kwa nguvu. Fumua sentimita mbili zaidi kila upande wa uwazi hadi ufike kwenye uzi ulio imara, kwa kuwa uzi wa jirani nao una umri uleule. Linganisha kingo mbili na uzibane kwa vibanio, huku ukiisukumia sufu ndani kwa mpini wa kijiko ili isinaswe.

Sasa pitia matundu ya zamani, yote, kwa mpangilio wake, bila kutoboa jipya hata moja. Hapa sindano ya kawaida yenye ncha butu ni bora kuliko ya ngozi, kwa kuwa inatafuta tundu lililopo badala ya kukata lingine. Tumia nyuzi mbili zinazopishana katika kila tundu, moja kutoka kila upande, ili ukikatika mmoja wa pili uendelee kushika. Kaza hadi kingo zigusane, kisha uishie hapo. Mshono ukizama kwenye ngozi umekaza mno. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata uzi, na upitishe ncha yake chini ya sufu.

Pale ambapo matundu ya zamani yamelika, usiyatumie. Hamia milimita mbili ndani zaidi, ushone kwa hatua (umbali kati ya tundu na tundu) za milimita 3 au 4, na uweke utepe mwembamba wa pamba kando ya mshono, ndani, ili utepe ndio ubebe mvuto. Koti litapungua upana kidogo mahali hapo, hivyo punguza vilevile upande wa pili kama tofauti inaonekana. Makwapani nisingeacha kuweka utepe hata kama matundu ni mazima, kwa kuwa jasho na mvuto wa mkono hukutana hapo.

Anayetaka kutumia cherehani aweke hatua ndefu, milimita 4 au zaidi, na asirudishe mshono nyuma mwanzoni na mwishoni kama ilivyo kawaida kwa vitambaa. Kurudisha huko huongeza matundu kwenye mstari uleule na kuukata. Afunge fundo kwa mkono.

Ngozi iliyochanika

Mpasuko mfupi, usiozidi sentimita tano na usio mahali pa mvuto mkubwa, huunganishwa ukingo kwa ukingo. Usikate kingo ili kuzinyoosha. Mpasuko wa asili una michirizi inayofungamana vizuri kuliko mstari wa wembe. Pindua sufu pembeni, uilaze kwa unyevu kidogo kama ngozi inaruhusu, kisha anza kushona sentimita moja kabla ya mwanzo wa mpasuko na umalize sentimita moja baada ya mwisho wake, ili ncha zake zisiendelee kutembea. Ingiza sindano katikati ya unene wa ngozi, kwenye ukingo wenyewe, itokee milimita tatu ndani, na ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Kwa njia hii uzi mwingi hujificha ndani ya unene. Ukimaliza, usugue mshono kwa mgongo wa kijiko hadi ulale, kisha uamshe malaika ya swedi kwa brashi.

Mpasuko mrefu unahitaji msaada kwa nyuma, na hapa ndipo sufu inapoleta shida yake ya pekee, kwa sababu gundi haishiki vizuri juu ya manyoya. Punguza sufu kwa mkasi mdogo hadi ibaki milimita mbili, katika ukanda wa sentimita moja na nusu kila upande wa mpasuko. Weka juu yake utepe wa pamba, na uushone kwa kudaka nusu tu ya unene wa ngozi, ili uzi usitokee nje. Kisha unganisha mpasuko wenyewe kama ulivyofanya kwa ule mfupi. Sufu inayouzunguka ukanda huo ukiichana italala juu yake, na mtu atalazimika kuitafuta kazi yako ili aione.

Tundu lililopoteza ngozi linahitaji kiraka halisi cha ngozi ya kondoo, chenye unene uleule, sufu ya urefu uleule, na uelekeo wa sufu uleule. Uelekeo ndio watu husahau: pitisha kiganja juu ya sufu, utahisi inakolala, na kiraka lazima kilale huko huko, la sivyo kitaonekana kwa mbali kama doa. Lipe tundu umbo la jani au la yai, usiache pembe kali, kwa kuwa ngozi huanza kuchanika penye pembe. Kata kiraka kikubwa kuliko tundu kwa milimita moja hadi mbili pande zote, kwani mshono utakula kiasi hicho. Usikate kwa mkasi: inua ngozi juu kwa mkono, sufu ikiwa inaning'inia huru, kisha upitishe wembe upande wa ngozi kwa kina cha ngozi pekee. Mkasi ungekata sufu pamoja na ngozi na kukuachia mstari wa kipara kuzunguka kiraka kizima.

Kiraka cha juu, kama vile cha kiwiko, ni rahisi zaidi. Kata ngozi nyembamba isiyo na sufu, punguza unene wa kingo zake kwa wembe hadi ziwe kama karatasi, bandika kwa gundi ya ngozi ya majimaji inayobaki kunyumbuka ikikauka, kisha shona kuzunguka. Gundi ya papo hapo isikaribie koti, maana hukauka kama kioo na ngozi hupasuka kando yake.

Ncha za mikono, mifuko na vifungo

Ncha za mikono zilizolika hufungwa kwa ukanda wa ngozi laini wenye upana wa sentimita tatu hadi nne, ukishonwa kwanza nje, ukakunjwa, kisha ukashonwa ndani. Mfuko wa ndani uliotoboka ukatwe na kubadilishwa kwa pamba nzito; pembe zake za nje ziongezewe pembetatu ndogo ya ngozi.

Kifungo kinachong'oka na kipande cha ngozi kilishonwa bila kifungo mwenzake. Weka kifungo kidogo bapa upande wa sufu na uvishone vyote viwili kwa pamoja, ukiacha shina la uzi lenye urefu sawa na unene wa koti, ili mvuto ugawanyike kwenye kifungo cha nyuma badala ya kuikata ngozi. Fanya hivyo kwa vifungo vyote siku hiyohiyo, hata vile vinavyoonekana kushika.

Rangi iwe kazi ya mwisho kabisa. Swedi iliyopauka mara nyingi haihitaji rangi bali kusuguliwa kwa msasa laini sana, wa namba 400 hivi, unaoondoa malaika yaliyokufa na kuamsha mapya. Kama rangi inahitajika, paka tabaka nyembamba kadhaa, na ufunike sufu kwa karatasi.

Matunzo ya kila siku na ya msimu

Usivae koti siku mbili mfululizo kama limepata jasho. Liache lipumue kwenye henga pana yenye mabega ya mviringo, kwa kuwa waya mwembamba huchonga mabega na kuinyoosha ngozi mahali pamoja. Toa vitu vizito mifukoni. Vaa skafu shingoni, na ukosi utakaa miaka mingi bila kuhitaji kusafishwa.

Unapoliweka kwa msimu mzima, lisafishe kwanza, kwa kuwa nondo hupenda sufu yenye jasho kuliko safi. Lifunike kwa mfuko wa pamba, si wa plastiki, ambao hufungia unyevu na kuleta ukungu. Chumba kiwe na ubaridi na giza, na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50. Ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu huanza, na ukishuka sana ngozi hukakamaa. Liache nafasi lisibanwe na nguo nyingine, maana sufu iliyogandamizwa kwa miezi hulala na kushikana. Mbao za mierezi na kafuri husaidia kidogo tu kuwafukuza nondo, wala haziui viwavi waliokwisha kuingia, kwa hiyo kila baada ya wiki sita hivi litoe, ulikung'ute, uchunguze chini ya ukosi na ndani ya mikono kwa tochi, uchane sufu, kisha ulirudishe likiwa limetazama upande mwingine ili mwanga usiupaushe upande mmoja pekee.